Mizani Kabatini

Oulu, Januari. Jua linaingia kazini saa nne
na kutoka kabla ya saa tisa, kama kibarua aliyepunjwa.
Vilja alikuwa ananitangulia mlangoni,
theluji begani, ufunguo ungali mfukoni mwangu.
Kwa lugha yetu jina lake ni nafaka.
Sikulifikiria hilo.
Nilichofikiria ni bidii yake.

Nilimsifu. Niandike hapa kabla sijajipamba:
nilimsifu mbele ya watu,
nikampigia makofi kila alipopungua,
nikamwambia Pentti, mwenye goti bovu,
"Mtazame Vilja," na Pentti akamtazama,
akasema polepole, "Namtazama."
Dereva mstaafu wa basi aliona.
Mimi nilikuwa nahesabu.

Kisha mikono: baridi ya chuma, ndani ya sweta tatu.
Kisha kifundo kilichoteguka, naye anakikimbilia hivyo hivyo.
Kisha swali aliloliuliza akicheka, kila jioni lilelile:
"Leo nimekistahili chakula?"
Nami nikacheka naye, Mungu anisamehe,
kana kwamba njaa ni deni
na mimi ndiye karani.

Siku ya kuzaliwa ya Pentti tulileta mikate ya mdalasini.
Aliushika wake, akausifu kwa harufu.
Jioni nikaukuta kwenye pipa la taulo chafu,
mzima,
una alama ya dole gumba tu.

Usiku nikampigia Sirkka, muuguzi,
tuliyeshindana naye kwenye theluji ujanani.
Sikutaka kulala na jambo lile peke yangu.
Akasema: wewe ni fundi wa misuli, usijifanye tabibu.
Usiupe ugonjwa jina.
Usiutaje mwili wake, hata kwa wema; wema nao una ncha.
Sema ulichokiona.
Kisha, na hapa ndipo utakaposhindwa, nyamaza.

Nilimwita chumba cha mikeka, mlango nikauacha nusu wazi.
Nilisema kifundo. Nilisema mkate.
Nilisema nina hofu, na hofu ni yangu, si kosa lako.
Nikampa karatasi yenye nambari ya kliniki.
Nikasema sitaongeza chuma wala dakika
mpaka daktari aseme.
Halafu nikanyamaza vibaya, nikikohoa.

"Nakulipa unihesabie," akasema, "si unihurumie."
Akaondoka. Alikuwa akija mara tano kwa wiki;
ada yake ndiyo iliyokuwa kodi ya chumba hiki.
Nilisimama dirishani, theluji ikifukia nyayo zake,
na, sitaficha,
nikapiga hesabu ya kodi.

Mizani ya kupimia watu nimeifungia kabatini,
nyuma ya ndoo na mifagio.
Hata shairi hili, kama uonavyo, halina mizani.
Kina kipo, ila sijui chini yake.

Siku ya kumi na moja alirudi, bila begi la mazoezi.
Ile karatasi alikuwa ameikunja mpaka ikawa ndogo kama kucha.
"Nimepiga mara mbili," akasema. "Nikakata mara mbili."
Nilikuwa na maneno mengi. Niliyameza.
Nikatandika mkeka mmoja, tukaketi,
migongo ukutani,
giza la saa tisa limeshatua uani.
Akabonyeza tarakimu moja moja,
akailaza simu sakafuni katikati yetu.
Ikalia mara ya kwanza,
ya pili,
na kidole chake kilikuwa bado mbali na kitufe.